Kutoboa Matundu ya Mshazari kwa Drili ya Kusimama: Mfano wa Stuli ya Miguu Mitatu

Tundu la mguu wa stuli likikosea nyuzi 1 tu, kosa hilo halionekani kwenye kikalio hata ukilitazama kwa makini, lakini sakafuni, milimita 400 chini yake, unyayo wa mguu unakuwa umehama kwa zaidi ya milimita 7. Matundu matatu yakikosea kila moja kwa upande wake, stuli haitayumba, kwa sababu miguu mitatu hukaa popote, ila itaonekana kama imeteguka kiuno, na anayeikalia atahisi anasukumwa upande mmoja. Ndiyo maana mafundi wengi wa samani huogopa miguu iliyoinama na kuishia kutengeneza stuli za miguu iliyosimama wima, ilhali kazi hii, ikipangwa vizuri, haihitaji mashine ya gharama wala hesabu ngumu. Inahitaji drili ya kusimama yenye meza, ubao wa mteremko unaoutengeneza mwenyewe, na desturi moja ambayo nitaisisitiza tangu mwanzo hadi mwisho: pima pembe kwa milimita, usiipime kwa nyuzi.

Nitatumia mfano wa stuli moja ili vipimo visielee hewani. Kikalio ni cha duara, kipenyo chake milimita 300 na unene wake milimita 40, na mbao yoyote ngumu iliyokauka sawasawa itafaa, iwe mninga, msaji au mkongo. Miguu ni mitatu, ulimi wake wa juu, yaani ncha inayoingia kwenye tundu, ni wa mviringo wa milimita 25, na kila mguu unainama kuelekea nje kwa nyuzi 15. Upande wa chini wa kikalio, kitovu cha kila tundu kiko milimita 100 kutoka kitovu cha duara. Kutoka hapo hadi sakafuni ni milimita 400 kwa kipimo cha wima.

Kabla ya kugusa mashine, tazama kwanza miguu itakanyaga wapi. Mguu ulioinama nyuzi 15 ukishuka milimita 400 husogea nje kwa milimita 107, kwa hiyo nyayo zitakaa kwenye duara lenye nusu kipenyo cha milimita 207. Unaweza kudhani stuli hii imara kupita kiasi, kwa kuwa kikalio chenyewe kina nusu kipenyo cha milimita 150 tu, lakini stuli ya miguu mitatu haipinduki kuelekea kwenye unyayo, hupinduka kati ya nyayo mbili. Mstari unaounganisha nyayo mbili uko nusu ya umbali huo kutoka katikati, yaani milimita 103. Mtu akikalia ukingo ulio kati ya miguu miwili, uzito wake unakuwa nje ya mstari huo kwa karibu milimita 47, na hapo ndipo stuli inapomtupa. Usiipunguze pembe kwa sababu tu miguu iliyosimama inapendeza zaidi machoni mwako, na ikiwa stuli ni ya watoto, ambao hukaa ukingoni kila mara, nakushauri uweke miguu minne. Kwa duara lilelile la nyayo, mstari wa kupindukia utakuwa milimita 146 kutoka katikati, karibu sawa kabisa na ukingo wa kikalio.

Mashine yenyewe kwanza

Meza za drili nyingi za kusimama huinama kulia na kushoto, na chini yake kuna kipimo cha nyuzi chenye mshale mdogo. Usikiamini kipimo hicho. Zamani nilitengeneza stuli sita kwa kufuata mshale ule, uliokuwa ukionyesha 15 sawasawa, na zilipokamilika nikapima nyayo na kukuta ziko ndani kwa karibu milimita 15, maana yake meza ilikuwa imeinama nyuzi 13 tu. Mteja alizirudisha baada ya moja kumwangusha mgeni wake, naye alikuwa na haki. Tangu siku hiyo sijainamisha meza ya drili kwa ajili ya kazi ya mbao. Naiacha meza ikiwa imenyooka na kuinamisha kazi juu yake. Meza iliyolegezwa ni shida kuirudisha mahali pake, na ikibeba kikalio kizito huku drili ikiisukuma kutoka juu, inaweza kuteleza taratibu bila wewe kujua.

Lakini ili mteremko uwe wa kweli, ni lazima meza iwe imekaa pembe mraba na mhimili wa drili, yaani chuma kinachozunguka na kushuka kikiwa kimebeba taya. Chukua spoki ya baiskeli, ikunje mara mbili ili mkono wake mmoja utoke pembeni kwa milimita 80 au 100 kisha ncha yake ielekee chini, uifunge kwenye taya za drili kama unavyofunga biti. Chomoa umeme. Shusha mhimili, ufunge mahali ambapo ncha ya spoki inagusa kipande cha karatasi kilicholazwa juu ya meza, kisha zungusha taya kwa mkono huku ukiijaribu karatasi kila upande. Ikiwa karatasi inabanwa kulia na kupita bure kushoto, legeza boliti ya meza na uirekebishe. Ikiwa tofauti iko mbele na nyuma, mashine nyingi hazina marekebisho ya upande huo, hivyo utaweka vipande vya bati la kopo chini ya ubao wako wa mteremko hadi tofauti iishe. Kazi hii ni ya dakika kumi, na hakuna hatua nyingine katika maelezo haya yote inayoweza kufidia ukiiruka.

Jaribu pia kuusukuma mhimili kwa kidole ukiwa umeshushwa hadi mwisho. Ukicheza sana, fanya kazi ukiwa umeushusha kidogo iwezekanavyo, yaani pandisha meza badala ya kushusha mhimili, maana mchezo huongezeka kadiri mhimili unavyotoka nje ya nyumba yake.

Ubao wa mteremko

Tengeneza mbao mbili za plaiwudi ya milimita 18, kila moja upana wa milimita 350 na urefu wa milimita 400, uziunganishe kwa bawaba upande mmoja ili ya juu ifunguke kama jalada la kitabu. Bawaba ziwe mbili imara au moja ndefu, na zisiwe na mchezo wowote. Ubao wa chini utafungwa kwenye meza ya mashine, na ule wa juu utabeba kazi.

Sasa pembe. Chini ya ubao wa juu, chora mstari ulio sambamba na bawaba, milimita 300 kutoka mstari wa bawaba. Kisha kata kigogo cha mbao ngumu chenye kimo cha milimita 77.6, ukisimamishe kati ya mbao mbili ili ukingo wake wa juu ulio upande wa bawaba uguse mstari ule uliouchora. Hapo ubao wa juu umeinama nyuzi 15, na pembe hiyo imetoka kwenye urefu ulioupima kwa kalipa, haikutoka kwenye mshale wa mtu mwingine.

Ni lazima uelewe kwa nini ni 77.6, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapokosea hata wakiwa na kikokotoo mkononi. Milimita 300 zimepimwa juu ya mteremko, kwa hiyo kimo ni 300 mara saini (sin kwenye kikokotoo) ya nyuzi 15. Ukizipima milimita 300 juu ya ubao wa chini, uliolala, ni lazima utumie tanjenti, na kimo kitakuwa milimita 80.4. Mtu akichanganya, akakata kigogo cha 77.6 lakini akapima 300 kwenye ubao wa chini, atapata nyuzi 14.5, na unyayo utarudi ndani karibu milimita 4. Kwa pembe nyingine ambazo huenda ukazihitaji, kimo cha kigogo kwa milimita 300 za mteremko ni 26.1 kwa nyuzi 5, 52.1 kwa nyuzi 10, 62.4 kwa nyuzi 12 na 102.6 kwa nyuzi 20. Andika nyuzi ubavuni mwa kila kigogo unachokikata na uvitunze pamoja na ubao wako, maana utavirudia.

Kwenye uso wa ubao wa juu, chora mstari wa katikati unaopanda mteremko, ukiwa pembe mraba na bawaba. Hakikisha umeuchora kwa skwea unayoiamini, kwa sababu mstari huu ndio utakaoamua mguu uelekee wapi. Jambo la kufurahisha ni kwamba ubao mzima ukikaa mshazari kidogo juu ya meza ya mashine haidhuru kitu. Drili inashuka wima, na wima haina kulia wala kushoto. Kinachotakiwa ni kazi yako iwe imenyooka kwenye ubao, basi.

Kuchora kikalio na kukipa kitanda

Geuza kikalio, upande wa chini uangalie juu. Kwa bikari iliyofunguliwa milimita 100, piga duara kutoka kitovu, na bila kubadilisha mkao wa bikari, tembea nayo juu ya duara hilo. Itarudi ilipoanzia kwa hatua sita kamili. Chukua alama moja na kuruka moja, nawe una vitovu vitatu vilivyoachana nyuzi 120 bila kupima pembe yoyote. Sasa chora mstari kutoka kila alama kupitia kitovu cha duara hadi ukingo wa pili, na uishushe mistari hiyo pembeni mwa kikalio ili uione hata ukiwa umeinama. Hii ni mistari ya mwelekeo: mguu utainama ukiufuata mstari wake, usiende kulia wala kushoto.

Kitu cha duara kikiwekwa juu ya mteremko huteleza na kuzunguka, na drili nayo hupenda kukizungusha. Kwa hiyo funga vipande viwili vya mbao kwenye ubao wa juu, sehemu ya chini ya mteremko, vikae kama herufi V iliyofunguka kuelekea juu, na mstari wa katikati uligawe V hilo sawasawa. Kikalio kikiegemea hapo, kitovu chake kitaangukia juu ya mstari wa katikati kila mara, mradi duara lako limekatwa vizuri. Utakuwa umebakiza jambo moja tu, kukizungusha hadi mstari wa mwelekeo ulingane na mstari wa ubao juu na chini.

Hapa kuna swali linalowachanganya hata mafundi wazoefu: tundu likae upande upi wa mteremko? Kumbuka hivi. Biti inaposhuka wima ndani ya ubao uliolala mteremkoni, ncha yake huzidi kusogea kuelekea upande wa chini wa mteremko. Unapotoboa kutoka chini ya kikalio, tundu linatakiwa kusogea kuelekea katikati kadiri linavyoingia, ili mguu uje kufunguka kuelekea nje. Kwa hiyo alama ya tundu ni lazima iwe upande wa juu wa mteremko, na kitovu cha kikalio kiwe chini yake. Kwa vipimo vyetu, tundu linaloanza milimita 100 kutoka katikati litatokea upande wa pili likiwa milimita 89 tu. Ukitoboa kutoka upande wa kukalia, kila kitu hugeuka. Ikiwa una shaka, chukua penseli, ishike wima juu ya alama, na ujiulize ncha yake ya juu inaelekea wapi ukilinganisha na kikalio: huko ndiko mguu utakakokwenda.

Weka pia ubao wa kutupa, plaiwudi ya milimita 9 hivi, chini ya kikalio, ili biti inapotokea isimegue uso wa kukalia. Uweke sasa, kabla ya kulenga. Ukiuongeza baada ya kulenga, kikalio kitakuwa kimeinuka na alama itakuwa imeukimbia mhimili kwa zaidi ya milimita 2.

Biti

Kwa kazi hii hakuna biti inayoishinda ile ya Forstner, iliyobuniwa na Benjamin Forstner wa Marekani aliyeipatia hataza mwaka 1874. Biti nyingine huongozwa na ncha yake ya katikati, ila hii huongozwa na ukingo wake wa duara, na kwa hiyo inaweza kuanza kula mbao upande mmoja tu bila kukimbia. Tazama kinachotokea. Biti ya milimita 25 ikishuka juu ya mteremko wa nyuzi 15, upande wa juu wa mteremko umepanda karibu milimita 7 kuliko upande wa chini. Ukingo wa biti unaigusa mbao ya juu kabla ncha ya katikati haijafika, na kwa muda fulani biti inakula upande mmoja huku upande wa pili ukizunguka hewani. Biti ya kawaida ya chuma katika hali hiyo husukumwa kuelekea bondeni, hupinda, kisha huanza tundu mahali ambapo hukupachagua.

Kama huna biti ya Forstner, usikate tamaa. Tengeneza kabari yenye pembe ileile ya nyuzi 15 na uifunge kwa klampu juu ya kikalio, upande mnene ukiwa bondeni, ili uso wake wa juu uwe umelala sawa na meza. Biti itaanza kwenye uso uliolala, itajiongoza ndani ya kabari, na ikifika kwenye kikalio itakuwa imeshikwa pande zote. Biti yenye ncha kali katikati na mbawa mbili pembeni hufanya kazi nzuri kwa njia hii.

Biti zenye skrubu kwenye ncha, zilizotengenezwa kwa keekee za mkono, usizifunge kabisa kwenye drili ya kusimama. Skrubu ile huivuta biti ndani kwa kasi yake yenyewe, na mkono wako kwenye mpini hauwezi kuizuia. Inaweza kukinyanyua kikalio pamoja na klampu zake.

Kulenga na kutoboa

Kwa sababu ncha ya Forstner haifiki kwenye alama kabla ya ukingo, usilenge kwa biti hiyo. Funga kwenye taya msumari mnyoofu ulionolewa ncha katikati kabisa, au biti nyembamba ya milimita 3, uishushe taratibu mashine ikiwa imezimwa, na usogeze ubao wote wa mteremko juu ya meza hadi ncha iguse alama yako bila kupinda. Funga ubao kwa klampu mbili, gusa tena, na uhakikishe haukuhama wakati wa kukaza. Ndipo ufunge biti ya Forstner. Mhimili ni uleule, hivyo tundu litakuwa mahali pale pale, na kwa kuwa V linashika kikalio, hutalenga tena kwa tundu la pili na la tatu.

Angalia urefu. Tundu la mshazari katika ubao wa milimita 40 lina urefu wa milimita 41.4, ongeza tofauti ya mteremko mdomoni na ubao wa kutupa, nawe utahitaji mwendo wa karibu milimita 50. Drili nyingi ndogo za mezani huishia hapo hapo. Angalia pia kwamba taya hazitagonga sehemu ya juu ya kikalio biti ikiwa imezama. Shusha mhimili mara moja mashine ikiwa imezimwa na utazame kwa pembeni.

Hamisha mkanda kwenye puli za mwendo wa polepole. Kwa biti ya milimita 25 katika mbao ngumu mimi hutumia mizunguko 500 hivi kwa dakika. Kasi ikizidi, biti inaunguza mbao na kupoteza makali. Kikalio kifungwe kwa klampu, kisishikwe kwa mkono hata kama V linaonekana kukitosha. Usivae glavu, kunja mikono ya shati, na ufunge kilemba au mtandio vizuri. Umeme ukikatika katikati ya kazi, jambo la kwanza ni kuzima swichi, kwa maana unaweza kurudi vidole vyako vikiwa kwenye taya.

Anza taratibu sana. Sauti itakuongoza: mwanzoni utasikia mgonganogongano, tak, tak, tak, kila mbawa ya biti inapopiga ukingo wa juu na kuuachia. Katika hatua hiyo usibonyeze, acha uzito wa mkono tu. Mgonganogongano ukigeuka kuwa mvumo mmoja, jua duara limefunga na biti imeshikwa pande zote, sasa unaweza kubonyeza kama kawaida. Pandisha biti kila milimita 6 au 7 ili kutoa taka, kwa sababu biti ya Forstner haina njia ndefu ya kutolea taka na ikijaa hupata joto upesi. Ukikaribia kutokea, punguza nguvu tena.

Usianze na kikalio chako chema

Kabla ya yote hayo kufanyika kwenye mninga, toboa tundu moja kwenye kipande cha mabaki chenye unene uleule. Ingiza ufito mnyoofu wa milimita 25, wenye urefu wa nusu mita hivi, ukae bila kucheza. Laza kipande juu ya meza tambarare, simamisha skwea kubwa, na upime: katika kimo cha milimita 400 juu ya mbao, ufito unatakiwa uwe umesogea milimita 107 kutoka pale ulipotokea. Pima ubavu uleule wa ufito juu na chini, usichanganye ubavu na katikati.

Tuseme umepata 111. Hakuna haja ya kutafuta kipimapembe. Kwa ubao wetu, kila milimita 1 unayoipunguza au kuiongeza kwenye kimo cha kigogo huhamisha unyayo kwa milimita 1.5 hivi. Umezidisha 4, basi punguza kigogo kwa milimita 2.7 kwa randa, utoboe tena, upime tena. Ukizidisha kupunguza, bandika vipande vya karatasi ngumu chini ya kigogo. Nimewahi kufikia kipimo ndani ya milimita 1 kwa majaribio matatu, na ubao uliotumika ulikuwa wa mabaki ya kabati.

Miguu inapoinama pande mbili

Stuli ya duara ni rahisi kwa sababu mguu unafuata mstari unaotoka katikati. Benchi au kiti cha mstatili ni jambo jingine, kwa kuwa mteja hukuambia mguu uiname kiasi fulani kwenda mbele na kiasi fulani kwenda pembeni. Wengi hujaribu kuinamisha kazi mara mbili, na hapo ndipo kila kitu huharibika. Mguu haujui kwamba umeinama pande mbili. Umeinama upande mmoja tu, ulio kati ya hizo mbili, na kazi yako ni kuupata upande huo.

Fanya kwa milimita. Tuseme mbele ni nyuzi 12 na pembeni ni nyuzi 8. Kwa kimo cha milimita 400, unyayo unakwenda mbele milimita 85 na pembeni milimita 56. Chora vipimo hivyo viwili juu ya kipande cha plaiwudi kama pande mbili za pembe mraba, kisha unganisha ncha zake. Mstari uliouunganisha una urefu wa milimita 102, nao ndio mstari wa mwelekeo: uhamishie kwenye kikalio kwa kukata kiolezo cha pembetatu hiyo. Utakuta umeachana na mstari wa mbele kwa nyuzi 33.5. Pembe ya kuinama ni ile inayopeleka unyayo milimita 102 katika kimo cha 400, yaani nyuzi 14.3, ambayo kwa ubao wetu ni kigogo cha milimita 74.1. Laza kikalio ili mstari wa mwelekeo ulingane na mstari wa katikati wa ubao wa mteremko, utoboe kama ulivyotoboa stuli. Kumbuka kukigeuza kiolezo chali kwa matundu ya upande wa pili; miguu ya kulia na ya kushoto ni kama viganja, inafanana lakini haibadilishani.

Kupima kabla ya gundi

Ingiza miguu yote mitatu bila gundi, ukihakikisha kila mmoja umezama hadi mwisho na urefu uliobaki chini ya kikalio ni sawa kwa yote. Simamisha stuli na upime umbali kati ya katikati ya unyayo mmoja na mwingine, mara tatu. Kwa vipimo vyetu kila umbali unatakiwa uwe karibu milimita 359. Tofauti ya milimita 4 au 5 haitaonekana na mtu yeyote, iache.

Tofauti ikiwa kubwa zaidi, namba hizo tatu zitakueleza kosa liko wapi. Mguu ambao umbali wake wa kulia na wa kushoto yote miwili imezidi, umeinama mno, na ikiwa yote miwili imepungua, haukuinama vya kutosha. Mara nyingi taka za mbao zilinaswa chini ya kikalio wakati wa kutoboa tundu hilo. Mguu ambao umbali mmoja umezidi na mwingine umepungua una pembe sahihi, ila mstari wake wa mwelekeo haukulingana na mstari wa ubao, yaani kikalio kilizunguka kidogo ulipokaza klampu. Usilipanue tundu kwa tupa. Lizibe kwa kipande cha mviringo cha mbao ileile na gundi, ukikilaza ili nyuzinyuzi zake zifuate za kikalio, uache kikauke hadi kesho yake, ukate usawa, kisha urudishe kikalio kwenye V na kutoboa upya tundu hilo moja.